Landrova ya Mgodini na Safari za Karema

Niliziba rejeta kwa nta ya nyuki. Nalisema mapema ili mcheke mmalize, kisha mnisikilize, maana mgongo wangu hauruhusu tena kukaa muda mrefu nikisubiri watu wanyamaze.

Nyie mnaojifunza udereva siku hizi mna magari yanayojisemea yenyewe. Likiumwa linawasha taa, mlango ukiwa wazi linalia kama kifaranga. Landrova yangu haikusema kitu. Mshale wa joto ulikuwa umelala upande mmoja tangu kabla sijaikuta, na mshale wa mafuta ulionyesha tenki limejaa hata siku tulizokuwa tunasukuma. Ilibidi uijue kwa pua, kwa sikio na kwa makalio, kama unavyojua mkwe amekasirika kabla hajafungua mdomo.

Sasa hiyo nta. Baba yangu alikuwa mrina asali wa Ugalla, na kwetu nta iliziba kila kitu: mzinga uliopasuka, ndoo inayovuja, hata soli ya kiatu cha shule. Asubuhi ya safari kubwa kuliko zote nikakuta rejeta inatoa machozi kwenye mshono wa chini. Mtu mwingine angeita fundi. Mimi nilikwenda jikoni, nikachukua donge la nta, nikalikanda, nikalibandika, nikalisawazisha kwa kidole gumba mpaka likang'aa. Maji yakakoma. Nikajipongeza. Na kumbukeni nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwenye mtihani wa fizikia nilieleza vizuri kabisa nta hufanya nini ikipata joto. Mwalimu aliniwekea vema. Elimu yote ile ilibaki darasani; chini ya gari alilala mtoto wa mrina asali peke yake.

Nirudi nyuma kidogo, msije mkadhani nilizaliwa nikiwa na usukani mkononi. Kuna watu wanazaliwa na miguu ya kutembea. Mimi nilizaliwa na makalio ya kukaa. Furaha yangu yote ilikuwa Makanyagio, mtaa wetu pale Mpanda, kwenye kiti changu cha kamba, mgongo ukutani, namwangalia mke wangu Anastazia akichambua mchicha na kuniambia nisogeze miguu. Nilipata udereva kwa sababu mbili tu: nyumba yetu ilikuwa karibu na yadi ya Mzee Maganga, na mimi nilijua Kiingereza cha kutosha kumwambia mgeni "mind your head."

Mzee Maganga alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Landrova aliinunua ikiwa chakavu. Ililetwa na wazungu wa mgodi wa risasi, enzi ambazo mimi hata kuota sijaota, achilia mbali meno. Mgodi ukafungwa, wazungu wakaondoka, gari likabaki. Lilikuwa la dizeli, bodi imenyooka, rangi ya kijani imepauka kama shati la mchunga ng'ombe. Miaka ya tisini ilipoanza, wageni wachache waliokuja kuona wanyama kule Katavi wakawa wanauliza kama kuna kitu kingine cha kuona. Mzee Maganga akasema kipo: Karema.

Kwa wasiojua, Karema ni mji mdogo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na ni wa zamani kweli. Mpanda mgodi uliizaa juzi tu. Karema ni babu. Kuna kuta za ngome waliyojenga Wabelgiji hata Mjerumani hajafika, kuna misheni ya Wakatoliki iliyorithi ngome hiyo, kuna kanisa na makaburi, na kuna mahali ambapo wazee wanakwambia ziwa lilikuwa linafika, leo ni shamba la mihogo. Wageni walipenda kuona vitu vya kale wakiwa ndani ya gari la kale. Mzungu kwao ana gari jipya lenye viti kama godoro. Anakuja kwetu kulipia tabu. Sikumlaumu. Tabu ile mimi nililipwa ili niipate.

Fundi wetu alikuwa Mzee Sikazwe, Mfipa mfupi aliyevaa koti la mvua kiangazi na masika. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo matatu manne ninayoyajua. Mlima uushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, breki uziache zipumzike. Tenki la dizeli likivuja, paka sabuni ya mche, ya kipande, iliyo kavu. Itashika mpaka ufike nyumbani. Dizeli ikikuishia njiani, ukiongeza nyingine usikimbilie kuwasha. Legeza nati za mabomba, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, maana injini ya dizeli ikimeza hewa inasusa kama mtoto. Na rejeta ikichemka usiifungue, hata kama abiria wako ni askofu. Kuhusu nta hakunifundisha kitu. Baadaye aliniambia hakudhani kama kuna mtu angehitaji kufundishwa.

Siku ya kwanza kabisa kupeleka wageni Karema, mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kufika. Hilo Mzee Maganga hakuniuliza, nami sikumsumbua. Nikawasimamisha wageni mbele ya kijumba cha matofali chenye dirisha dogo, nikatoa sauti nzito nikasema hapa ndipo wafungwa walikuwa wakifungwa minyororo. Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja na beseni la mashuka yaliyofuliwa. Akatuamkia vizuri. Wageni wakanitazama. Nikasema, "Na leo wafungwa wote wameachiwa."

Niliporudi nikamsimulia mama yangu, akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo nilipoanza kumuuliza. Mama alizaliwa Karema, alilelewa na masista wa misheni, akaolewa na baba akahamia Ugalla kwenye mizinga. Baba alipofariki nikamchukua, na kufikia miaka ninayoisema macho yake yalikuwa yameshakwisha. Alikaa kwetu Makanyagio, kwenye mkeka, uso ameuelekeza barabarani. Yeye ndiye aliyenipa maneno yote niliyowaambia wageni: njia ambayo wasichana walipita na mitungi, upande wa ukuta uliokuwa na kivuli asubuhi, jiwe walilokatazwa kukalia nao wakalikalia.

Kila niliporudi safari, hata kama nilikuwa na vumbi masikioni, ilikuwa lazima nikae naye. Aliniuliza, "Haya, tumefika wapi?" Basi nikaanza upya: tumetoka, tumepita Kabungu, tumepanda, tumeshuka, hilo ziwa hilo. Nikiruka kitu alinirudisha. Chakula hakukigusa mpaka nimemfikisha ziwani. Anastazia alijaribu siku moja nilipochelewa. Mama akamsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unanipitisha porini."

Mtaniuliza kwa nini sikumpakia nikampeleka. Nilimpakia. Tulifika Kabungu. Nyonga zake hazikuiweza ile landrova. Akanishika mkono wa gia, akasema, "Baba, nirudishe. Gari lako linaniua. Mimi nitakwenda kwa mdomo wako." Tukageuza.

Kwa hiyo mjue Karema ilivyonifaa. Unakwenda leo, unalala, kesho jioni uko nyumbani. Kazi nyingine kwa Mzee Maganga ilikuwa lori. Lori lilikwenda Tabora, lilikwenda Sumbawanga, masika lilikwama na dereva wake wiki mbili akila mihogo ya kuchoma. Dereva wa lori watoto wake walimwita mjomba. Nililiogopa lori kama wengine wanavyomwogopa simba.

Ndipo Mzee Maganga aliponiita dukani.

"Festo," alisema, "nataka kufungua mashine ya kusaga hapa Makanyagio. Injini mpya siiwezi."

Nilishajua macho yake yanaangalia yadi.

"Kuna huyu Lazaro wa Arusha, anayeleta watalii. Anakuja na mzee mmoja wa kizungu kuijaribu safari yetu. Wakiridhika, atatuletea wageni kila mwezi, kiangazi chote. Gari litaishi. Wasiporidhika, injini inashuka inakwenda kusaga, na wewe unapanda lori. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Basi uikague vizuri."

Nikaenda kuikagua. Mnajua nilivyoikagua.

Lazaro alikuwa kijana nadhifu, viatu vyeusi vinang'aa, mtu wa kuuliza "saa ngapi tutafika?" kabla hajakaa. Mzee wa kizungu alikuwa kinyume chake. Aliizunguka landrova, akaipigapiga ubavuni kama unavyompiga ng'ombe wa maziwa, akasema kijana wake kule kwao anayo ya aina hiyo hiyo na haifiki hata sokoni. Nikamwambia hii inafika sokoni. Sikusema inarudi.

Mpaka Kabungu mambo yalikuwa matamu. Baada ya hapo tukaanza kupanda, jua limeshashika kazi, injini inavuta. Nikasikia harufu. Nzuri, ya upole. Nikawa najiuliza nimeisikia wapi.

Lazaro akainua pua. "Dereva, mbona kunanukia Pasaka?"

Mishumaa. Kule mbele nta ilikuwa inayeyuka, inadondoka kwenye chuma cha moto, na gari zima linanukia kanisa. Mzee wa kizungu kule nyuma alikuwa anavuta pumzi ndefu, anasema maua ya miombo yana harufu ya ajabu. Nikamwambia ndiyo, hasa msimu huu.

Sikusimama. Hapo ndipo penye upumbavu wa pili, na huu ni mkubwa kuliko wa kwanza. Ningesimama, ningeiacha ipoe, ningeongeza maji ya kwenye dumu, ningeipaka sabuni, pengine tungefika. Lakini nilimwona Lazaro anatazama saa, nikaona lori. Nikasema moyoni, tukifika kileleni tutateremka, itapoa. Dereva anayezungumza na moyo wake badala ya kuzungumza na gari, mkimwona mshukeni.

Tulifika kileleni. Tukateremka kwa gia ya chini kama nilivyofundishwa, taratibu, ziwa limetandazwa mbele yetu, mzee wa kizungu anashangilia. Tukafika bondeni. Paa la kanisa tunaliona. Hapo injini ikakohoa, ikatetemeka yote kama mtu mwenye malaria, ikazimika. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Dumu la maji lilikuwa na maji, lakini injini ilikuwa imeshakaza. Nilipojaribu kuwasha ilitoa sauti moja, "tk", ikawa basi.

Lazaro akashuka. Akaviangalia viatu vyake kwenye vumbi. "Sasa?"

Nikageuka kutazama barabara tuliyotoka.

Kulikuwa na Msukuma anayekuja nyuma yetu na ng'ombe wake wanne wa kulimia, nira mabegani, mnyororo unaburuzika. Akafika, akasimama, akaitazama landrova kwa muda mrefu kama mtu anayepima kununua.

"Mwangaluka, bhabha," akanisalimia kwa Kisukuma. "Hili limekufa au limechoka?"

"Limechoka," nikasema.

"Kwetu anayechoka hivi tunamchinja."

Jina lake Masanja. Nilimwomba atuvute mpaka misheni. Akasema ng'ombe wake wamelima tangu asubuhi, hawajui Kizungu, na hawajawahi kuvuta kitu chenye madirisha. Alipomaliza kunitania akafunga mnyororo kwenye bampa la mbele. Nikauliza mimi nifanye nini.

"Wewe kaa hapo hapo. Shika huo usukani, uwe kama unaendesha. Wageni wasiogope."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Karema. Niko nyuma ya usukani, mikono yote miwili, uso wa kazi, na mbele yangu mikia minne. Watoto wakatufuata. Kina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakaacha dagaa. Mmoja akapaza sauti, "Dereva, piga honi!" Nikapiga. Honi ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima.

Lakini sikilizeni. Mzee wa kizungu alipanda juu ya boneti iliyokwisha kupoa, akakaa kama chifu, akawa ananiuliza hiki nini, kile nini. Na mimi nikamjibu. Miaka yote nilikuwa napiga kelele kuishinda injini, na wageni wanaitikia wasichokisikia. Siku ile palikuwa kimya. Kwato, mnyororo, na mimi. Ng'ombe hana haraka ya kupita kitu. Nilimwonyesha mahali ziwa lilipokuwa linafika. Nilimwonyesha njia ya mitungi, tukaifuata hatua kwa hatua. Nilimwonyesha jiwe, akashuka akalikalia. Tulizunguka ngome, tukapita kanisani, tukaenda mpaka makaburini, na nikasema yote ya mama bila kuruka hata moja. Masanja mwenyewe akawa anageuka kusikiliza. "Kumbe unajua kusema," aliniambia. "Mimi nilidhani unajua kuharibu tu."

Mzee wa kizungu alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema katika safari zake zote hajaona mji hivyo. Nikamtazama Lazaro. Alikuwa anatabasamu! Nikaliona lori linaondoka bila mimi.

Jioni Lazaro akaniita pembeni. Akaniambia mgeni ameridhika kupita kiasi. Akaniambia nimezungumza vizuri sana. Kisha akasema, "Ila nimefikiria, Festo. Wageni nitawaleta kwa boti moja kwa moja. Huyu Masanja ana mkokoteni. Gari halihitajiki."

"Na maelezo?"

"Hapa Karema hakuna wazee?"

Walikuwepo. Nisingeweza kusema hawapo. Nilikuwa nimetoka kumwonyesha, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba vitu vizuri vya safari ile vilikuwa ng'ombe na Karema yenyewe.

Tulirudi juu ya malori ya watu, na landrova ikaletwa baadaye imelala juu ya lori, magurudumu hewani kwa aibu. Mzee Sikazwe akaifungua injini, akakuta uharibifu ni mdogo kuliko nilivyostahili. Akaikwangua, akaifunga, ikawaka. Mama alisikia nimerudi akauliza, "Tumefika wapi?" Nikamwambia leo tumevutwa na ng'ombe. Alifurahi, akataka nimtajie rangi zao. Sikuthubutu kumwambia habari ya lori. Anastazia alikuwa ameshasikia sokoni. Alichambua mchicha bila kunisemesha, na miguu yangu hakuniambia niisogeze.

Mzee Maganga hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alisema, "Injini inashuka kesho. Wewe lori linakungoja Jumatatu. Sumbawanga."

Mimi si mtu wa kubishana na tajiri. Lakini nilijisikia nasema, "Mzee, hiyo injini nani ataiwasha?"

"Atatafutwa mtu."

"Inameza hewa. Ina siku zake za kususa. Mimi ndiye ninayeijua. Niache nisage."

Akacheka. Alidhani natania. "Wewe? Dereva wa wageni? Ukae kwenye vumbi la dona na akina mama wanakugombeza? Mshahara wake siyo wa dereva, Festo."

"Najua."

"Sasa unataka nini huko?"

"Nataka kulala nyumbani."

Akanitazama kama Masanja alivyolitazama gari. Kisha akasema, "Haya."

Basi vijana, kazi yangu iliyobaki ilikuwa hiyo. Watu wananisalimia "dereva" mpaka leo kwa heshima ya kudanganyana, lakini miaka yangu mingi niliimalizia kwenye kibanda cha bati, hatua chache kutoka kwenye kiti changu cha kamba, nikiisagia Mpanda yote. Nimechoka kwa hilo zaidi ya nilivyochoka kwa barabara. Vumbi la barabara unaliosha. La unga linaingia kifuani linakaa kama mpangaji asiyelipa. Mkirithi kazi hiyo, fungeni kitambaa puani, msivae shati linaloning'inia karibu na mkanda, na mahindi mabichi myakatae hata kama ni ya shemeji yako, yanaziba chekeche. Mshahara ulikuwa mdogo kama alivyosema. Mwanangu wa kwanza Kristina na wadogo zake walinivumilia.

Mama alihamia kibandani. Anastazia alimleta asubuhi akamkalisha mlangoni, nje ya vumbi. Miaka ya mwisho akili yake ilikuwa imeanza kuchanganya mambo, lakini sikio lilikuwa zima. Ile sauti aliijua. Injini ikishika moto, alijiweka sawa, akashika ukingo wa benchi kama mtu aliyekaa kwenye gari, akapaza sauti: "Haya, tumefika wapi?"

Nami kutoka kwenye unga nikapaza yangu. Tunatoka mjini, mama. Kabungu hiyo. Tunapanda sasa, jishike. Sikumwambia kamwe kwamba hatujasogea. Siku za foleni fupi tulifika vizuri, tukazunguka ngome yote, na nikizima injini alishusha pumzi, akasema leo hakikumuuma hata kiungo kimoja.

Siku za foleni ndefu ilikuwa shida. Nakumbuka siku moja umeme wa mashine nyingine ulikatika, watu wote wakaja kwangu, ndoo zimepangwa mpaka barabarani. Mama alikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimesimamisha kazi nimeegemea chekeche, namshusha mlima pole pole, maana siku ile hakuwa mzima na alitaka kuliona ziwa likitokea kidogo kidogo kama zamani. Jirani yetu Mama Domina, mwenye asili ya Burundi, mama wa watoto tisa na asiye na subira hata ya chai kupoa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alisikiliza. Akatua ndoo yake kwenye mzani kwa kishindo, akasema:

"Baba Kristina, mfikishe mama Karema upesi. Watoto wangu hawali ziwa, wanakula ugali."